Simu Inapochemka na Kugoma Kuchaji: Mwongozo kwa Wakazi wa Mbinga na Mwambao wa Nyasa

Miezi ya Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijashika, mwambao wa Ziwa Nyasa huwa na joto la kuchosha. Kuanzia Lituhi, kushuka Liuli hadi Mbamba Bay, ikifika saa sita mchana nyumba ya bati isiyo na dari haikaliki. Ndipo malalamiko yaleyale husikika kila mwaka: simu imewekwa kwenye chaji tangu saa nne asubuhi, sasa ni saa nane, imefika asilimia sitini na kitu na imegoma hapo. Ukiigusa mgongoni ni ya moto. Kwenye kioo pametokea maandishi kwamba kuchaji kumesimama kwa sababu joto la betri limezidi, au pametokea alama ya kipimajoto. Wengi hawayasomi maandishi hayo. Wanachomoa na kuchomeka upya, wanaazima waya wa jirani, wananunua chaja nyingine dukani, na bado simu haisogei. Wapo wanaoishia kuiuza kwa bei ya kutupa wakiamini imekufa.

Mara nyingi simu hiyo haina ubovu wowote. Imesimamisha chaji kwa makusudi ili kuilinda betri, na ikipoa itaendelea yenyewe. Kinachotakiwa ni kujua joto limetoka wapi, kwa sababu kila chanzo kina dawa yake, na dawa nyingi kati ya hizo hazigharimu hata shilingi. Lakini zipo simu chache ambazo kugoma kwao ni onyo la hatari ya kweli, na hizo lazima uzitambue mapema.

Betri na joto lake

Betri za simu za leo, kuanzia simu janja ya bei ya chini kabisa hadi ile ya mamilioni, ni za lithiamu. Betri za aina hii ziliingia sokoni mwaka 1991 kupitia kampuni ya Sony ya Japani, na wanasayansi watatu walioweka msingi wake, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walitunukiwa Nobel ya Kemia mwaka 2019. Sifa yake ni kubeba nguvu nyingi ndani ya kitu chepesi. Udhaifu wake ni kwamba ndani yake kuna kimiminika kinachoshika moto, na upande wa chanya umetenganishwa na wa hasi kwa utando wa plastiki mwembamba sana.

Umeme unapoingia kwenye betri, sehemu yake hugeuka joto. Hilo halina namna ya kuepukika. Joto hilo hupanda haraka kuliko watu wanavyodhani: mkondo wa umeme ukiongezwa mara mbili, joto linalotokana na ukinzani wa ndani ya betri huongezeka mara nne. Ndiyo maana chaja ya kasi huipasha simu kuliko chaja ya kawaida, na ndiyo maana betri iliyozeeka, ambayo ukinzani wake umepanda, huchemka hata kwa chaja ileile iliyokuwa haiisumbui ilipokuwa mpya.

Ndani ya simu kuna vipimajoto vidogo, kimojawapo kikiwa kwenye betri yenyewe. Kwa kawaida betri za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa zikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 45 za Selsiasi. Kabla ya kufika hapo simu huanza kupunguza kiasi cha umeme inachopokea, kwa hiyo dalili ya kwanza ni chaji kwenda polepole. Joto likizidi kupanda, simu hufunga mlango kabisa. iPhone, kwa mfano, hushikilia chaji kwenye asilimia 80 au huisimamisha mpaka ipoe, na simu za Samsung nazo huandika kwamba kuchaji kumesitishwa.

Kwa nini watengenezaji wakaweka ukali huo? Kwa sababu joto huila betri, na betri iliyojaa huliwa zaidi. Kuna vipimo vinavyotumiwa sana na wataalamu wa betri: betri ya lithiamu iliyojaa pomoni, ikihifadhiwa mwaka mzima kwenye joto la nyuzi 40, hubaki na uwezo wa takribani asilimia 65 tu. Ikihifadhiwa kwenye joto lilelile ikiwa na chaji ya asilimia 40, hubaki na asilimia 85 hivi. Simu inayokesha kwenye chaji ikiwa imejaa, ndani ya chumba chenye joto, inazeeka pasipo kutumika. Mtu wa pwani ya ziwa anayeshangaa kwa nini betri yake haikumaliza miaka miwili ilhali ya ndugu yake wa Maguu kule milimani bado iko imara, jibu lake mara nyingi liko hapo.

Baridi nayo huzuia chaji, lakini ni baridi ya kuganda, chini ya nyuzi sifuri. Asubuhi za Juni na Julai kule kwenye milima ya Umatengo ni kali, ila ndani ya nyumba hazifiki huko. Kwa hiyo usiipashe simu moto. Kuiweka kando ya mafiga jikoni ili ipate uvuguvugu ni kuitafutia maradhi.

Mlimani na ziwani si sawa

Wilaya ya Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, lakini hali ya hewa ilikuwa imezitenganisha tangu zamani. Uso wa ziwa uko chini kidogo ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, wakati mji wa Mbinga uko juu ya mita 1,000 na vijiji vya milima ya Umatengo hupanda zaidi. Kwa makadirio ya kawaida, kila unaposhuka mita 1,000 hewa huongezeka joto kwa nyuzi sita hivi. Anayeteremka kwa barabara ya lami kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay huisikia tofauti hiyo kabla hajashuka kwenye gari, na simu yake pia.

Kampuni za Apple na Samsung zinaelekeza kwamba simu itumike mahali penye joto la nyuzi 0 hadi 35. Mchana wa Novemba, ndani ya nyumba ya bati ziwani, joto linaweza kuuzidi mpaka huo hata kabla hujachomeka chaja. Simu inaanza safari ikiwa imekwisha kupanda nusu ya mlima. Joto la chaji likiongezwa juu ya joto la chumba, kikomo cha nyuzi 45 hakiko mbali.

Wanaoumia zaidi ni wavuvi. Samaki aina ya usipa huvuliwa usiku kwa taa, hasa siku za giza, na mvuvi hurudi alfajiri, huuza, hutengeneza nyavu, halafu hulala. Simu yake iliyokesha ziwani ikiwa tochi, redio na mawasiliano, inachomekwa saa nne au saa tano asubuhi na kuachwa pembeni ya kitanda hadi alasiri, yaani katika saa zile mbaya kuliko zote. Ushauri wangu kwa mvuvi ni kuchomeka mara tu anapofika nchi kavu, saa kumi na mbili au saa moja asubuhi, wakati upepo wa ziwani bado una ubaridi, na kuchomoa kabla ya saa nne hata kama haijajaa. Kilichobaki kimaliziwe jioni kabla ya kuingia majini. Betri za lithiamu hazidhuriwi na kuchajiwa vipandevipande. Ile kanuni ya zamani kwamba betri lazima iishe kabisa ndipo ijazwe ilikuwa ya betri za aina nyingine, na kuifuata leo ni kuichosha simu bure.

Mkulima wa kahawa naye ana mtego wake. Wakati wa mavuno, kuanzia Mei na kuendelea, kazi iko kwenye vichanja vya kukaushia, na vichanja hujengwa mahali penye jua kamili. Simu huwekwa juu ya kichanja, kioo kikitazama jua, na mara nyingi waya wa sola umeingia ndani yake. Hewa ya Umatengo inaweza kuwa ya ubaridi mzuri na bado simu ikachemka, kwa kuwa kioo cheusi hunyonya miale ya jua moja kwa moja. Kivuli cha jani la mgomba kinatosha kubadili hali yote.

Sola na vibanda vya kuchaji

Gridi ya taifa ilifika Songea mwaka 2018 kupitia njia ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Makambako, na mkoa wetu ukaanza kuachana na majenereta ya dizeli. Kazi ya kusambaza umeme vijijini imefika mbali tangu hapo. Hata hivyo nyumba nyingi za mwambao na za milimani bado zinategemea sola, na huko ndiko tatizo la simu kugoma chaji limejaa kuliko mahali pengine, kwa sababu chaji inapatikana wakati uleule jua linapowaka.

Kosa la kwanza ni kuilaza simu juu ya paneli au ubavuni mwake. Paneli ikae juani, simu ikae kivulini, ndani, mahali penye hewa. Hapa watu hukwama kwa sababu waya wa USB ni mfupi, na wakiununua mrefu chaji inakuwa hafifu. Waya wa USB ni mwembamba na umeme wake ni wa volti tano tu, kwa hiyo ukiurefusha mita kadhaa sehemu kubwa ya nguvu hupotelea njiani. Refusha upande wa pili: vuta waya mnene kutoka kwenye paneli hadi ndani ya nyumba, ndipo uweke kile kifaa cha kushushia volti karibu na simu.

Kifaa hicho usikipuuze. Paneli inayoitwa ya volti 12 hutoa hadi volti 18 na zaidi jua likiwa kali, na simu nyingi zinasubiri volti tano. Kinachosimama kati yao ni kile kisanduku kidogo chenye tundu la USB. Kikiwa duni hupata joto, hutoa umeme unaopandashuka, na siku kikifa vibaya huipitishia simu volti zote. Ukikigusa ukaondoa mkono haraka, kibadilishe. Na asikudanganye mtu kuunganisha nyaya za paneli moja kwa moja kwenye betri ya simu iliyofunguliwa. Njia hiyo inairuka kinga yote iliyowekwa.

Kugoma kwa chaji ya sola mara nyingine hakutokani na joto kabisa. Wingu likipita mbele ya jua umeme hushuka, simu huacha kuchaji. Wingu likiondoka huanza tena, kioo kikiwaka kila mara na kutumia kile kidogo kilichoingia. Mwenye betri ya sola nyumbani anapata suluhisho zuri kwa mambo yote mawili: mchana jua lijaze betri ya nyumba, na simu ichajiwe usiku kutoka kwenye betri hiyo, hewa ikiwa imepoa. Mwenye pawabenki anaweza kufanya vivyo hivyo, mradi pawabenki nayo isiachwe juani, kwa maana ndani yake mna betri ya lithiamu kama ya simu.

Wenye vibanda vya kuchaji simu za watu, kazi yenu ni huduma kubwa. Simu ikizima kijijini, mgonjwa wa usiku hapati usafiri na mkulima hajui kama malipo ya kahawa yameingia. Kwa heshima hiyohiyo ninasema bila kuficha kwamba baadhi ya vibanda ni hatari. Simu kumi na tano zimerundikwa ndani ya boksi la katoni, moja juu ya nyingine, ekstensheni imechomekwa kwenye ekstensheni nyingine, na juu yake limetandazwa kitambaa kuzuia vumbi. Kila simu inaipasha mwenzake. Simu ya katikati haina pa kutolea joto, inasimamisha chaji, na jioni mteja analipa kwa asilimia arobaini. Panga simu kwenye rafu ya mbao, moja moja, nafasi ya vidole viwili ikibaki kati yake. Vua makava. Acha dirisha wazi. Ekstensheni moja ichomekwe ukutani, na ikianza kunuka plastiki au soketi kubadilika rangi iondolewe siku hiyohiyo. Simu iliyovimba usiipokee, hata mwenyewe akikusihi.

Tafuta joto lilipo kwa mkono

Kabla ya kununua chochote, iguse. Joto lina mahali pake, na mahali hapo hutoa habari nyingi kuliko maneno ya muuza duka.

Ikiwa chaja yenyewe ukutani ndiyo ya moto kupita kiasi, au inatoa mlio, tatizo ni chaja. Isome maandishi yake: chaja ya kawaida huandikwa kwamba inapokea volti 100 hadi 240, kwa hiyo umeme wetu wa volti 230 hauisumbui hata ukishuka kidogo jioni. Kinachoziua chaja ni msukumo wa ghafla umeme unaporudi baada ya kukatika, na kinga yake ni kuchomoa ukikatika na kungoja dakika chache baada ya kurudi. Chaja nyepesi kupita kawaida, yenye maandishi yaliyokosewa herufi na isiyo na alama yoyote ya ubora, usiinunue. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, lipo kwa ajili ya bidhaa za namna hii, na mnunuzi ana haki ya kumuuliza muuzaji kuhusu ubora wake.

Ikiwa joto liko kwenye ncha ya waya, pale inapoingia kwenye simu, basi waya umelegea au tundu limejaa uchafu. Simu inayokaa mfukoni shambani hukusanya nyuzi za nguo na vumbi tunduni. Izime, usafishe polepole kwa kijiti kikavu cha mbao, kamwe si sindano.

Joto likiwa sehemu ya juu ya mgongo, karibu na kamera, mara nyingi linatoka kwenye ubongo wa simu, maana yake simu inafanyishwa kazi. Video, michezo, kugawa intaneti kwa wengine na simu za video hufanya hivyo. Jambo linalosahauliwa ni mtandao dhaifu. Katika mabonde ya Umatengo na kwenye ghuba zilizozibwa na milima, simu huongeza nguvu ya kurusha mawimbi ili iufikie mnara ulio mbali, na kazi hiyo huipasha hata ikiwa mfukoni imetulia. Ukiichaji mahali kama hapo izime kabisa, au iweke katika hali ya ndegeni kama unaweza kukosa simu za watu kwa saa moja.

Likiwa katikati ya mgongo, hapo ndipo betri ilipo. Vua kava kwanza, hasa la ngozi au la mpira mnene. Kisha fanya jambo ambalo wengi hawalifikirii: tumia chaja dhaifu zaidi. Ile chaja ndogo ya zamani iliyoandikwa 5V 1A, uliyoitupa kabatini kwa kuwa ni ya polepole, ndiyo inayofaa mchana wa joto. Inapitisha umeme kidogo, betri haichemki, na kwa kuwa haikatizi njiani inaweza kuijaza simu mapema kuliko chaja ya kasi inayosimama kila baada ya robo saa. Simu nyingi zina sehemu kwenye mipangilio ya kuzima chaji ya kasi, na baadhi huruhusu kuweka kikomo cha asilimia 80 au 85. Kwa mtu wa mwambao naona kikomo hicho ni cha kuwekwa mwaka mzima.

Kwenye pikipiki mambo haya hukutana mahali pamoja. Simu imefungwa kwenye usukani, jua linaichoma kioo, ramani au muziki unaendelea, na chaji inaingia. Dereva wa bodaboda ahamishie simu kwenye mkoba wenye hewa au achaji anaposubiri abiria chini ya mwembe.

Simu ikishasimama

Chomoa waya. Funga programu zinazofanya kazi, au zima simu. Vua kava, ilaze juu ya meza ya mbao au sakafu ya saruji iliyo kivulini, na uielekeze kwenye upepo wa dirisha. Ikipoa hadi ukiigusa huhisi joto, kwa kawaida nusu saa inatosha, irudishe kwenye chaji.

Usiiweke kwenye friji wala kwenye ndoo ya barafu ya samaki. Kitu cha moto kikiingia ghafla kwenye baridi, unyevu wa hewa hugeuka kuwa matone ndani yake, na maji yakifika kwenye bodi ya simu hasara itakuwa kubwa kuliko ile uliyokuwa unaikimbia. Usiifunike kwa kitambaa chenye maji kwa sababu hiyohiyo.

Tofautisha pia alama ya kipimajoto na alama ya tone la maji. Tone lina maana kwamba simu imehisi unyevu ndani ya tundu la chaji, jambo la kawaida kwa anayetoka kwenye mtumbwi. Hapo ishikilie tundu likitazama chini, ikung'ute taratibu kwenye kiganja, kisha iache mahali penye hewa kwa saa kadhaa. Usipulize kwa mdomo, maana pumzi ina unyevu. Kuizika kwenye mchele nako hakusaidii; Apple wenyewe wanaonya kwamba chembe za mchele zinaweza kuharibu simu.

Usiku, usichaji kitandani. Godoro na mto huzuia joto lisitoke, na chandarua kinachoning'inia juu yake kinashika moto upesi. Weka simu sakafuni au mezani, mbali na mahali wanapolala watoto.

Ubovu wa kweli

Fanya jaribio hili asubuhi yenye ubaridi: simu imezimwa, haina kava, iko kwenye meza, chaja na waya ni vizuri na vinachaji simu nyingine bila shida. Ikichemka na kugoma katika hali hiyo, sasa una haki ya kumtafuta fundi. Huenda betri imechoka, au kipimajoto chake kimeharibika na kinatoa habari za uongo.

Na hapa nina ombi kwa mafundi na kwa wateja wao. Kuna njia ya kuidanganya simu isisome joto la betri, ili yale maandishi ya onyo yaondoke na chaji iendelee. Mteja hufurahi siku hiyo, halafu anakwenda nyumbani na betri isiyo na mlinzi. Fundi akikwambia ataliondoa onyo bila kubadilisha kitu, chukua simu yako uondoke. Kinachotakiwa ni betri nyingine inayolingana na aina ya simu.

Betri iliyovimba haina mjadala. Dalili zake ni mfuniko wa nyuma kunyanyuka, kioo kuachia pembeni, au simu kuyumba ukiilaza mezani. Ndani yake gesi imejikusanya. Usiichaji tena hata kwa dakika tano za kumpigia mtu, usiibonyeze irudi, usiitoboe ili gesi itoke. Mwaka 2016 Samsung, kampuni yenye maabara na wahandisi wengi, iliwaita wateja warudishe simu za Galaxy Note 7 takribani milioni mbili na nusu kwa sababu ya betri kushika moto, na Oktoba mwaka huohuo ikaacha kabisa kuitengeneza. Uchunguzi ulikuta kasoro za betri zilizofanya pande mbili zigusane. Fundi aliye chini ya mwamvuli hana uwezo wa kuitibu betri ya namna hiyo.

Anayenunua simu, hasa iliyotumika, abonyeze *#06# apate namba ya utambulisho, aitume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090. Jibu litamwonyesha kama simu hiyo ni halisi. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizima simu bandia mwezi Juni 2016, na utaratibu wa kuhakiki ulianza kutokana na zoezi hilo.

Simu ikianza kutoa moshi, kuzomea au kunuka ukali kama wa kemikali ikiwa kwenye chaji, kata umeme kwenye swichi ya ukuta au swichi kuu kabla ya jambo lingine lolote. Toa watu nje, fungua madirisha, na mtu asivute hewa ya moshi ule kwa sababu una sumu. Umeme ukishakatika, mwaga maji mengi; kinachotakiwa ni kuipoza betri, maana betri ya lithiamu inaweza kuzimika na kuwaka upya dakika chache baadaye. Mchanga husaidia kuzuia moto usisambae lakini haupozi. Moto ukishika nyumba, piga 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Betri iliyotolewa usiitupe kwenye moto wa takataka, wala usiizike shambani, wala usiwape watoto waichezee. Mkabidhi fundi aliyekubadilishia. Ikiwa simu imevimba na uko Lituhi au Liuli, na fundi unayemwamini yuko Mbinga mjini, izime kabisa kabla ya safari. Usiiweke mfuko wa suruali wala chini ya kiti cha pikipiki karibu na injini. Itie kwenye kopo la bati lenye mchanga mkavu, uache mfuniko bila kukaza, ulishike mwenyewe mkononi, na usafiri asubuhi na mapema kabla jua halijapanda.